Samaki Mgeni Apewe Siku Zake

Wazee wetu walituachia neno hili: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni neno jema, nasi watu wa Bukiriro twalishika. Mgeni akibisha hodi hupewa kiti na maji ya kunywa kabla hajaulizwa atokako, wala hapana mwenye adabu awezaye kumwambia, "Kaa nje kwanza, tukutazame siku kadhaa." Lakini neno hilo lilisemwa kwa ajili ya watu, ambao waweza kujieleza. Leo twapenda kuwaandikia wasomaji, na hasa walimu wenzetu, habari za mgeni asiye na sauti ya kujieleza, naye ni kifaranga cha samaki anunuliwaye mbali na kuletwa kutiwa katika bwawa la nyumbani au la shule.

Kwa upande wa ng'ombe jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ugonjwa wa sotoka, ambao majirani zetu wa Rwanda na Burundi huuita umuryamo, uliingia pembe ya Afrika yapata mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, na mapema katika miaka ya 1890 ulikuwa umekwisha kumaliza mazizi mengi ya nchi za Maziwa Makuu. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya kutangazwa, mwaka 2011, kwamba sotoka imetoweka duniani. Tangu siku hizo mfugaji mwenye busara hamwingizi ng'ombe mgeni zizini siku ile ile aliyomnunua. Humfunga kando, humtazama macho, pua na mavi, hata moyo wake utulie. Lakini mfugaji huyo huyo akinunua samaki, huwamwaga bwawani jioni ile ile kisha akaenda kulala.

Wilaya yetu ya Ngara ni nchi ya vilima, na kati ya vilima yako mabonde yenye vijito. Siku hizi watu wamechimba mabwawa katika mabonde hayo na kufuga sato, na wengine kambare. Kazi hii ina faida, maana mboga ya samaki huwajenga watoto, na ziada yake huuzwa. Lakini wengi wa vifaranga hawazaliwi huku. Hutoka katika vituo vya kuzalishia samaki vilivyo karibu na Ziwa Victoria, nao husafiri katika mifuko ya nailoni yenye maji kidogo na hewa ya oksijeni nyingi, wakipita Geita, Biharamulo na Nyakahura, wakitikiswa njia nzima. Hufika kwetu wamechoka, maji yao yamechafuka kwa kinyesi chao wenyewe, na ute unaowalinda ngozi umekwanguliwa na nyavu. Mwili wa namna hiyo ni nyumba isiyo na komeo. Ugonjwa uliokuwa umelala ndani yao huamka, na wasio na ugonjwa huwa tayari kuupokea.

Waliojifunza jambo hili mapema, tena kwa hasara nyingi, ni wafugaji wa samaki wa bahari katika matangi ya kioo. Nyumba ya kwanza ya matangi hayo iliyofunguliwa kwa watu wote ilikuwa katika bustani ya wanyama ya London, mwaka 1853. Tangu hapo desturi hiyo imeenea ulimwenguni, na pwani yetu ya Afrika ya Mashariki imeingia katika biashara yake. Huko Kenya, mahali kama Shimoni na Kilifi, wazamiaji huwavua samaki wa rangi nzuri penye matumbawe, nao hupelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani kuwa pambo la nyumba. Hapana shaka kitatange wa bahari na sato wa bonde letu ni mbalimbali, lakini hatari yao ni moja. Baharini maji ni mengi, na kimelea kikidondoka kutoka mwilini mwa samaki huyu, watoto wake huenda wasimpate mwingine wa kumshika. Katika tangi hawana haja ya kutafuta, maana wamo pamoja na samaki chumba kimoja. Kwa hiyo ugonjwa uliokuwa upele mdogo baharini huwa tauni katika tangi. Nalo bwawa la shule ni nini ila tangi lisilo na kioo? Tena maji yake ni ya kijani au ya udongo, hata mgonjwa haonekani mpaka ameelea tumbo juu.

Basi samaki mgeni atazamwe nini? Wengi hutazama ngozi, wakitafuta kidonda. Sisi twashauri kuanza na mwenendo wake, kwa maana mara nyingi mwenendo hubadilika kabla ya ngozi.

Kwanza, pumzi. Kifuniko cha matamvua ya samaki mzima hufunguka na kufunga kwa taratibu. Kikienda mbio, au kikibaki wazi upande mmoja, pana jambo. Lakini tusiharakishe hukumu. Samaki wote wakihema juu ya maji alfajiri, na jua likipanda wakashuka, yaelekea ni upungufu wa oksijeni. Mimea midogo ya majini hutoa oksijeni wakati wa jua tu, na usiku huitumia pamoja na samaki. Mgonjwa wa matamvua huhema hata saa sita mchana, hali wenzake wametulia.

Pili, kuogelea. Mzima hukaa na wenzake na hukimbia kivuli cha mkono. Mgonjwa hujitenga, huduwaa penye maji yaingiapo, hukunja mapezi yake kama mtu aliyejizongesha shuka kwa baridi, ama hujikuna ubavu juu ya mawe na kuta. Kujikuna huko kusidharauliwe hata kidogo, maana yaonyesha kwamba ngozi au matamvua yawashwa, na mara nyingi chanzo chake ni vimelea ambavyo jicho halijaviona bado.

Tatu, chakula. Asiyekula siku ya kwanza huenda amechoka na safari. Asiyekula siku ya tatu, na maji ni safi na si baridi mno, ahesabiwe kuwa mgonjwa. Wafugaji wa samaki wa bahari wana desturi njema: kabla ya kutoa fedha humwomba mwenye duka awalishe samaki mbele yao.

Nne, mwili wenyewe. Macho yasiwe na ukungu wala yasitokeze nje. Mapezi yasiwe yameraruka kama kanga kuukuu. Tumbo lisivimbe hata magamba yakasimama, wala mgongo usikonde ukawa kama makali ya kisu. Matamvua yawe mekundu; yakiwa meupe au rangi ya hudhurungi, damu au maji yana kasoro. Nyuzi nyeupe kama pamba ni kuvu, nazo hupenda kuota mahali palipochubuka. Utando wa kijivu juu ya ngozi ni ute uliozidi, na mara nyingi ni vimelea vilivyouchochea.

Katika hayo, madoa meupe yastahili neno la peke yake. Samaki wa bahari wana ugonjwa wa chembe nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa, nao humpenda sana kangaja. Wana na mwingine wenye chembe ndogo zaidi, kama vumbi la dhahabu, unaoua kwa siku chache, na dalili yake ya kwanza ni kuhema kuliko madoa. Samaki wa maji matamu wana madoa yao, yafananayo na yale ya kwanza, ingawa kimelea chake ni kingine. Mwenendo wa vimelea hivyo viwili vya madoa ni mmoja: kimelea hujichimbia chini ya ngozi, hula, hunenepa, hudondoka, hujifunga katika ganda penye sakafu, na ndani ya ganda hugawanyika kuwa mamia. Kisha watoto hao hutoka kumtafuta samaki. Doa tulionalo ni kimelea kilichokwisha kushiba. Siku za kabla yake samaki alionekana mzima, naye hakuwa mzima.

Wala rangi nzuri isitudanganye. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako wavuvi waliowalewesha samaki wa mapambo kwa sumu ya sayanidi ili wawashike kwa urahisi. Samaki hao hufika madukani waking'aa, kisha wengi wao hufa baada ya siku au majuma bila ya doa wala kidonda. Kwa hiyo kumtazama samaki siku ya kununua ni lazima, lakini hakutoshi. Shahidi mwaminifu ni siku zenyewe, akiwa katika maji ya peke yake.

Twatoa mfano mmoja wa kwetu. Shule yetu ina mabwawa mawili, moja juu na moja chini yake, na maji ya lile la juu hushukia la chini. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, bwawa la chini lilikuwa na sato wa miezi mitano, ambao wazazi walikuwa wakiwatarajia kwa chakula cha mchana cha watoto na kwa fedha za madawati. Kamati ya shule ikanunua vifaranga 300 wa bwawa la juu kwa mchango wa maharagwe yaliyouzwa. Walipofika, sisi walimu tukaomba wakae kwanza katika simtanki kuukuu lililokatwa nusu, nyuma ya ghala. Tuliiacha mifuko ikielea humo kwa nusu saa ili joto la maji lilingane, tukaongeza maji mapya kidogo kidogo, kisha tukawatoa vifaranga kwa wavu mdogo, na maji ya safari tukayamwaga shambani.

Mzee mmoja wa kamati hakupendezwa. Akatuambia, "Mwalimu, mgeni hafungiwi uani. Tena hawa hawachanganywi na wale wa zamani. Wana bwawa lao."

Tukamjibu, "Mzee wetu, mabwawa ni mawili, lakini maji ni yale yale. Akiugua wa juu, wa chini atakunywa ugonjwa wake. Mgeni wa watu twamwuliza habari za atokako naye hutujibu. Hawa hawana jibu ila tuwangoje."

Akanyamaza, lakini hakuridhika, wala hatumlaumu. Kungoja kulikuwa na gharama. Tangi lilitaka maji mapya kila siku, nayo yalichotwa na wanafunzi kwa ndoo asubuhi na jioni, kwa kupanda kilima. Juma moja lilipotimia bila hata kifaranga kimoja kufa, wazazi walikuja kusema kwamba watoto wao wametumwa kuja kusoma, si kuchotea samaki maji. Neno lao lilikuwa na haki ndani yake. Tulipunguza zamu za watoto, na sisi wenyewe tukashika ndoo, lakini vifaranga hatukuwatoa.

Sababu yetu ilikuwa kipimajoto. Asubuhi za Juni maji ya tangi yalikuwa nyuzi 19, na mchana hayakupanda sana. Katika maji ya nyuzi 25 kimelea cha madoa hutimiza mzunguko wake kwa muda wa juma moja hivi au pungufu. Katika maji ya baridi huchukua majuma kadhaa. Maana yake ni kwamba siku saba za Mwanza katika joto la ziwani si siku saba za Bukiriro katika baridi ya vilimani. Huku ugonjwa huja polepole, na ajaye polepole humpita mlinzi aliyechoka kungoja. Tena sato hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Katika baridi hula kidogo na mwili wake hupigana kwa unyonge.

Siku ya kumi na mbili msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa na zamu ya kuandika daftari, alikuja mbio akasema, "Mwalimu, shikamoo. Wako wanaojisugua ukutani." Tukaenda, tukatazama, hatukuona doa. Siku ya kumi na nne madoa yalikuwapo, kama unga uliomwagika juu ya mapezi.

Tuliwatibu kwa chumvi ya jikoni, gramu 10 kwa kila lita 1 ya maji safi katika ndoo, kwa muda usiozidi nusu saa, mtu akiwasimamia. Aliyelala ubavu alitolewa mara moja. Kazi ya chumvi ni hii: kimelea ni kidogo mno na ngozi yake ni nyembamba, basi maji ya chumvi hukifyonza kikanyauka kabla samaki hajadhurika. Wafugaji wa samaki wa bahari hufanya kinyume. Wao humtia samaki katika maji matamu yaliyolinganishwa joto, kwa dakika 3 hadi 5, na vimelea vilivyo juu ya ngozi huvimba vikapasuka. Dawa ya huyu ni hatari kwa yule, lakini akili ni moja. Hata hivyo dawa hiyo haivifikii vimelea vilivyokwisha kujichimbia chini ya ngozi. Kwa hiyo yapasa kurudia baada ya siku chache, na kila siku kufagia sakafu ya tangi na kubadili maji, ili maganda yatoke kabla hayajapasuka. Watoto wa kimelea wasipompata samaki hawaishi siku nyingi. Ipo na dawa ya kijani iitwayo malakaiti, iliyotumika miaka mingi kwa samaki wa mapambo. Lakini nchi za Ulaya zimeikataza kwa samaki wa kuliwa, na samaki wetu ni mboga ya watoto.

Walikufa 47. Waliobaki walikaa majuma mengine manne bila dalili, ndipo wakatiwa bwawani. Katika bwawa la chini hakufa hata mmoja kwa ugonjwa huo. Tulipotoa hesabu mbele ya kamati, mzee yule alisimama akasema, "Walimu, samaki 47 waliokufa mmetuonyesha, nasi tumewahesabu. Wale wa chini mnaosema mmewaokoa hamwezi kutuonyesha, kwa maana hawakuugua." Watu wakacheka, nasi pia. Lakini alikuwa amesema kweli, na ndiyo shida ya kazi yote ya kukinga maradhi. Hasara iliyozuiwa haina mwili wa kuwekwa juu ya meza. Wako wazazi ambao mpaka leo huamini kwamba vifaranga walikufa kwa sababu ya kufungiwa, nasi hatuna kitu cha kuwashawishi ila daftari lile, lenye tarehe, joto la maji na mwandiko wa watoto wao.

Yafaa tuongeze kwamba jicho lina mpaka wake. Mwaka 2014 wataalamu wa Israeli waliandika habari za virusi vipya viuavyo sato. Na mwaka 2018 ilichapishwa habari ya kuonekana kwa alama za virusi hivyo katika sato wa Ziwa Victoria, pande za Uganda na Tanzania, katika samaki ambao kwa macho hawakuwa wagonjwa. Virusi hivyo havijulikani kuwadhuru watu walao samaki. Lakini vyatufundisha kwamba anayepita majuma yote bila doa bado si malaika. Vifo vikiwa vingi kwa ghafula, aitwe afisa uvuvi wa wilaya, na samaki mmoja au wawili waliokufa muda huo huo wawekwe penye ubaridi apate kuwachunguza.

Wafu wazikwe shimoni mbali na maji. Wasitupwe kijitoni. Vijito vya Ngara huingia Ruvubu na Kagera, mito hiyo miwili hukutana Rusumo, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Victoria. Kifaranga aliyetoka ziwani katika mfuko aweza kurudisha ugonjwa ziwani kwa njia ya mto, na watu wasiohesabika hula kutoka ziwa lile.

Basi, ndugu walimu, shule yenye bwawa yahitaji tangi la kando, wavu na ndoo za tangi hilo zisizoingia bwawani, kipimajoto, chumvi na daftari. Vitu hivyo havina gharama kubwa. Kilicho kigumu ni zile siku zenyewe: majuma manne kwa uchache katika maji ya vuguvugu, na sita katika miezi ya baridi, na zihesabiwe upya tangu siku ya dalili ya mwisho. Wanafunzi wapewe daftari hilo waliandike wenyewe, kwa maana macho yao hukaa penye tangi muda mrefu kuliko yetu. Na walimu wa Biharamulo, Karagwe na kwingineko wenye mabwawa twawaomba waandike siku ambazo vifaranga wao walianza kuonyesha dalili, na joto la maji yao lilikuwa nyuzi ngapi. Hesabu hizo zikikusanywa pamoja, kila kilima na kila bonde litajua siku zake.